Maswali na majibu: asembli iliyochongwa kwa prosesa za zamani

Shikamoo mwalimu. Nimekuta kwenye keneli ya Linux (kiini cha mfumo) asembli ndefu, yaani amri za prosesa zilizoandikwa moja moja, ya kunakili kumbukumbu, haieleweki. Niifute niandike C? — Chumbageni, Tanga

Marahaba. Usifute usichokielewa. Anza na git blame, amri inayoonesha historia ya kila mstari, ujue iliandikwa lini na kwa prosesa ipi. Nyingi zilichongwa wakati rep movsb, amri ya prosesa ya kunakili baiti, ilikuwa nzito, watu wakaona bora wakunjue vitanzi kwa mkono, yaani waandike hatua zinazojirudia moja baada ya nyingine. Prosesa ya Intel ya Ivy Bridge ilipotoka mwaka 2012 amri hiyo ilipata kasi kwa data kubwa, na prosesa zilizofuata zikaiharakisha hata kwa vipande vifupi. Ndiyo maana katika Linux 6.4, mwaka 2023, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliondoa asembli ndefu ya x86-64 (prosesa za biti 64 za Intel na AMD) ya kunakili data kati ya keneli na programu. Prosesa mpya zinatumia amri hiyo moja, za zamani zinaita fanksheni fupi inayosomeka. Fuata njia hiyo, na pima kabla na baada.

Ipi ina kasi, C au asembli? — Muheza

Pima. Swali hili linakuja kila mara, na kila mara bila jina la prosesa wala matokeo ya perf, zana ya Linux ya kupima kasi. Msilete tena hivyo.

Mkubwa wangu kazini anasema prifechi haidhuru hata isiposaidia. — Ngamiani

Inadhuru. Prifechi ni kuvuta data mapema kabla haijahitajika. Makro (vipande vya msimbo vilivyopewa jina) za keneli za kupitia orodha zilikuwa zikivuta kila kipengele kinachofuata mapema. Orodha nyingi za hashi ni fupi mno, kwa hiyo mara nyingi kinachovutwa ni pointa tupu, yaani anwani isiyoelekeza popote, na prosesa inahangaika kutafuta ukurasa wa kumbukumbu usiokuwepo. Mwaka 2011 Torvalds alipima make, zana ya kujenga programu, kwenye keneli iliyokwisha kujengwa, akakuta prifechi inaichelewesha hadi asilimia 1. Akaitoa. Mwambie mkubwa wako, kwa heshima, akuoneshe vipimo vyake. Na hao wanaomwaga likely na unlikely (vidokezo vya kama sharti hutimia mara nyingi au mara chache) kila penye if, nao walete vyao.

Basi asembli yote iondoke? — Korogwe

Hapana! Kuhamisha prosesa kutoka mchakato mmoja kwenda mwingine kunahitaji kushika rejista moja moja, na C haikupi mamlaka hayo. Msimbo wa usimbaji fiche nao uacheni kwa wanaoujua: kompaila, programu inayogeuza C kuwa amri za prosesa, ikiingiza tawi linalotegemea ufunguo, muda wa kazi unavujisha siri. Tena nawaonya, nimeona vijana "wakirahisisha" memzero_explicit, fanksheni ya kufuta siri kwenye kumbukumbu, kuwa memset, ya kawaida ya kujaza kumbukumbu. Kompaila ikiona kumbukumbu haisomwi tena, inaruhusiwa kuiondoa memset hiyo, na nywila inabaki pale pale.

Kompyuta za ofisi yetu ni za zamani. Keneli iliyorahisishwa haitazilemea? — Pangani

Pima kwenye kompyuta hizo hizo, si kwenye laptopu yako mpya. Linux ilizaliwa juu ya 386, prosesa ya zamani ya Intel ya biti 32, mwaka 1991, na bado toleo 3.8 la mwaka 2013 liliiacha, kwa sababu kuibeba kulikuwa kunawachosha watunzaji kila walipogusa msimbo wa x86. Zenu zikiwa za biti 64, hamjafika huko.