Jikoni na Wasomaji: Steki ya Baisani, Uyoga na Sosi ya Mvinyo

SWALI: Ndugu Mhariri wa Jikoni, salamu nyingi. Wiki iliyopita nilikuwa na wageni, nikaona niwaandalie steki za baisani, nyama ambayo sikuwahi kuipika. Nilichukua vipande vinne vyenye unene wa sentimita 3, nikavichoma juu ya mkaa kama ninavyochoma nyama ya ng'ombe siku zote, yaani dakika 6 upande mmoja na dakika 6 upande wa pili. Vilitoka vikavu, vigumu, vyenye ladha inayokaribia ya maini. Uyoga nilioutia wote kwa mara moja kikaangoni ulitoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na sosi ya mvinyo mwekundu niliyoipika pembeni ilikuwa nyepesi, chachu na yenye ukakasi. Wageni walikula kwa adabu, nami niliumia moyo. Nilikosea wapi? Na je, baisani ndiye nyati?

JIBU: Ndugu msomaji, salamu zimefika, na pole kwa chakula ambacho ulikiandalia wageni kwa moyo mweupe. Swali lako la mwisho ndilo jepesi, kwa hiyo nalitangulia. Baisani si nyati wa Afrika, ingawa Wamarekani wamezoea kuwaita wanyama hao wawili kwa jina moja. Huyu ni mnyama wa nyanda za nyasi za Amerika Kaskazini, mwenye nundu, kichwa kizito na manyoya mengi mabegani, ambaye katika karne ya 19 aliwindwa mpaka makumi ya mamilioni wakapungua na kubaki chini ya 1,000. Mwaka 1905 iliundwa American Bison Society kwa ajili ya kumwokoa, na mwaka 2016 Marekani ilimtangaza kwa sheria kuwa mnyama wake wa taifa. Nyama inayouzwa siku hizi hutoka kwa baisani wanaofugwa mashambani, na kwa kuwa si nyingi kama ya ng'ombe, inastahili mpishi ajifunze tabia yake kabla hajaiweka motoni.

Tabia yake kubwa ni moja, nayo ndiyo iliyokuangusha: nyama hii ina mafuta machache mno ndani yake. Katika gramu 100 za mnofu mbichi uliosafishwa, mafuta ni takriban gramu 2 tu. Ukikitazama kipande cha ng'ombe aliyenoneshwa utaona vijistari vyeupe vimetapakaa kila mahali, lakini steki ya baisani ni nyekundu iliyokolea, inayokaribia rangi ya damu ya mzee, kutoka ukingo hadi ukingo. Yale mafuta ya ng'ombe huyeyuka polepole, huchelewesha joto lisiingie ndani kwa kasi, na hata nyama ikipitiliza kidogo, hulainisha ulimi kiasi kwamba mlaji hagundui kosa. Baisani hana kinga hiyo. Joto humwingia upesi, na nyama inapofika kati ya nyuzi 60 na 65 za Selsiasi, nyuzi zake hujikunja na kuyakamua maji yake nje kama nguo inavyokamuliwa. Kwa dakika 12 juu ya mkaa mkali, nyama yako ilikwisha kuvuka mpaka huo zamani. Ile ladha ya maini nayo hujitokeza hasa nyama nyekundu isiyo na mafuta inapoiva kupita kiasi, kwa hiyo usiilaumu nyama yenyewe.

Safari nyingine, zitie steki chumvi mapema, takriban nusu kijiko cha chai kwa kila kipande cha gramu 250, kisha uziache bila kufunikwa ndani ya jokofu kwa saa kadhaa au usiku kucha. Mwanzoni chumvi huvuta maji juu, na baadaye maji hayo hurudi ndani yakiwa yamebeba chumvi, na sura ya nyama hukauka. Ukavu huo wa juu ndio unaotakiwa, kwa sababu nyama yenye maji juu hutumia dakika zake za kwanza motoni kuyageuza maji kuwa mvuke badala ya kupata rangi ya kahawia. Kabla ya kuchoma, ifute tena kwa karatasi ya jikoni na uipake mafuta kidogo ya kupikia. Paka nyama, usipake wavu, maana mafuta yaliyo juu ya wavu huungua yakatoa moshi mchungu kabla nyama haijafika.

Mkaa uusukume wote upande mmoja wa jiko na uache upande wa pili bila moto. Subiri mpaka makaa yavae majivu meupe, ndipo uweke steki juu ya upande wenye moto kwa dakika 2, uzigeuze kwa koleo, kisha uzipe dakika 2 nyingine. Uma usiutumie. Zikishapata rangi, zihamishie upande usio na moto, funika jiko, na kuanzia hapo uiache saa ya ukutani, ushike kipimajoto cha nyama. Kichomeke kwa ubavuni mpaka ncha ifike katikati ya mnofu. Kikisoma nyuzi 51 au 52, toa nyama bila kusita hata kama unaiona bado mbichi, kwa kuwa joto lililo juu litaendelea kuingia ndani na kuifikisha nyuzi 54 au 55 ikiwa imepumzika sahanini. Hapo katikati patakuwa pekundu, pa moto, palaini. Mpishi ambaye hana kipimajoto anaweza kutazama sura ya nyama: baada ya kugeuzwa, matone madogo mekundu huanza kuchomoza juu yake kama jasho, na yanapoanza kuungana ni dalili kwamba muda umebaki mfupi sana. Hata hivyo, kwa nyama hii mimi siamini jicho langu peke yake. Mara ya kwanza nilipoipika nililiamini, nikatoa mezani kitu kilichofanana na ulichotoa wewe, na tangu hapo kipimajoto hakikosi mkononi mwangu.

Iache nyama ipumzike dakika 6 au 7 juu ya sahani ya moto, na maji mekundu yatakayotoka usiyamwage. Si damu, bali ni maji ya nyama yaliyotiwa rangi na mayoglobini, yaani protini nyekundu ya misuli, na yana kazi yake katika sosi.

Sasa nije kwenye sosi, kwa sababu hapo kuna jambo ambalo maelezo mengi ya upishi huliruka. Sosi ya mvinyo hujengwa juu ya ukoko. Nyama ikikaangwa, utomvu wake hugandia chini ya kikaango ukawa utando wa kahawia, na mvinyo ukimiminwa humo utando huo hubanduka na kuyeyuka, nao ndio unaoipa sosi mwili na ladha ya nyama. Lakini wewe ulichoma juu ya mkaa. Kila tone lililotoka kwenye steki zako lilidondoka kwenye makaa likaishia moshini, na mvinyo wako ulimiminwa katika sufuria safi isiyo na chochote cha kushika. Ulichokipata ni mvinyo uliochemshwa, na uchachu na ukakasi ndivyo vinavyobaki mvinyo unapopungua peke yake.

Kwa hiyo ukoko inabidi uutengeneze kwa njia nyingine. Unaposafisha steki, usitupe vipande vya pembeni, ngozi nyembamba na ncha zisizo na umbo. Vikate vidogo, uvikaange katika kijiko kimoja cha mafuta ndani ya kikaango kizito cha chuma kisichoshika kutu, bila kuvikorogakoroga, mpaka viwe kahawia iliyokolea na chini ya kikaango pawe pametanda. Kikaango cha chuma kitupu au cha alumini hakifai hapa, kwani asidi ya mvinyo hukwangua madini yake na kuipa sosi ladha ya sarafu. Ongeza kitunguu kidogo kilichokatwakatwa na punje moja ya kitunguu saumu, na vikilainika mimina mililita 250 za mvinyo mwekundu usio mtamu. Chukua mwiko wa mti ukwangue. Utauona ukoko unaachia vipande vipande, na mvinyo uliokuwa na rangi ya zambarau unageuka kuwa wa hudhurungi mbele ya macho yako. Acha uchemke mpaka ubaki kama vijiko 4 vya chakula, ongeza mililita 300 za supu ya mifupa isiyotiwa chumvi, na uendelee kuipunguza mpaka ifikie nusu, kisha ichuje. Nasisitiza supu isiyo na chumvi, kwa sababu maji hupungua lakini chumvi haipungui.

Kuhusu mvinyo wenyewe, ukakasi hutokana na tanini, na tanini huzidi kukolea kadiri mvinyo unavyopungua. Chagua ulio mwepesi wa tanini, kama Pinot Noir au Merlot, wala usinunue ule uliotiwa chumvi unaouzwa kwa ajili ya kupikia tu. Haya yote uyamalize kabla steki hazijagusa moto. Sosi inaweza kusubiri nyama, lakini nyama hii haiwezi kusubiri sosi.

Uyoga ni rahisi zaidi. Takriban sehemu 9 kati ya 10 za uyoga ni maji, na ukijaza kikaango maji hayo hukosa nafasi ya kuruka, yakauchemsha. Tumia kikaango kipana, moto mkali, mafuta kidogo, na uupange kwa tabaka moja. Ukiwa mwingi, pika kwa awamu mbili. Usiuguse mpaka upande wa chini uwe wa dhahabu, na chumvi uitie mwishoni, kwa sababu chumvi ya mapema huyafukuza maji nje yote kwa wakati mmoja. Usihofu kwamba utauivisha kupita kiasi. Kuta za chembe za uyoga zina dutu iitwayo kitini (chitin), ambayo haiyeyuki kwa moto wa jikoni, na ndiyo sababu uyoga hubaki na utafuno wake ilhali mboga nyingine zingekuwa zimesagika. Uyoga wa kahawia una ladha nzito kidogo kuliko mweupe, ingawa ni aina ileile ya uyoga.

Mwisho, steki zikiwa zinapumzika, rudisha sosi motoni pamoja na uyoga, mimina yale maji mekundu ya sahanini, na yakishapata moto epua. Sosi ikiwa nje ya moto, tia gramu 40 za siagi baridi kidogokidogo huku ukizungusha kikaango mpaka sosi ing'ae na kushika mgongo wa kijiko. Ukiirudisha ichemke, siagi itajitenga na kuelea juu. Siagi hii ndiyo mafuta ambayo baisani hakuzaliwa nayo, na ndiyo maana nyama hii na sosi ya aina hii hupatana sana. Kata steki kinyume cha mwelekeo wa nyuzi zake, mwagia sosi, na upeleke mezani mara moja.

SWALI: Mama yangu ana umri mkubwa, na nyama nyekundu katikati inamtia hofu. Je, nimwivishe yake kabisa?

JIBU: Hofu yake ina msingi, na ninaiheshimu. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri kwamba steki ya baisani ifikishe nyuzi 63 katikati na ipumzike dakika 3 kabla ya kuliwa, na nyama ya kusaga ifikishe nyuzi 71. Kiwango cha nyuzi 54 nilichomwandikia msomaji aliyetangulia kiko chini ya ushauri huo, kwa hiyo wazee, wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa wapikiwe kwa nyuzi 63. Kwa mzazi wako chagua sarara, mnofu ulio laini kuliko yote, uitoe motoni kipimajoto kikisoma nyuzi 63 kamili, ukate vipande vyembamba na umwongezee sosi. Ikifika 70 atapata shida kuitafuna.

SWALI: Nyumbani kwetu hatutumii kileo. Nimeambiwa kwamba mvinyo ukichemka kileo huisha chote. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na nafurahi umeuliza kabla ya kupika. Kileo huchemka katika nyuzi 78, lakini kikishachanganyika na maji hakiondoki chote kwa pamoja. Kwa vipimo vinavyotumiwa na Idara hiyohiyo ya Kilimo, chakula kilichochanganywa na kileo na kutokoswa dakika 15 hubakiwa na takriban asilimia 40 ya kileo chake, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5. Kikaango kipana na moto mkali hupunguza zaidi, lakini anayejiepusha na kileo kwa imani au kwa afya asitegemee hesabu hiyo.

Mahali pa mvinyo weka mililita 100 za juisi ya komamanga isiyotiwa sukari na mililita 150 za maji yaliyolowekewa uyoga mkavu, ambayo yana utamu mzito unaofanana na wa nyama. Uyachuje kwa kitambaa, kwani uyoga mkavu huacha mchanga. Komamanga huleta rangi na uchachu, na kama utaukosa ule ukakasi mdogo wa mvinyo, vijiko 2 vya chai nyeusi iliyokolea vitaurudisha, maana chai nayo ina tanini. Kwangua ukoko na upunguze kama nilivyoeleza juu, ila onja mapema, kwa sababu juisi ina sukari yake ya asili na hushika chini upesi kuliko mvinyo. Ikiwa tamu kupita unavyopenda, matone machache ya limau mwishoni yatatosha.