Fundi wa Maji Taka: Kabla Hujafukia Shimo

Februari ikianza kuisha, simu yangu hujaa picha za mashimo. Masika yako mlangoni, na aliyechimba karo lake la maji taka wakati wa kiangazi anataka kujua kama litavuka Aprili. Leo najibu sita.

Shikamoo fundi. Namalizia nyumba Goba, tutakuwa watu sita. Fundi wangu wa tofali anasema karo ni shimo kama shimo lingine, atashuka futi 10 na kazi imeisha. Nimwachie?

Marahaba. Kuta mwachie, mabomba usimwachie. Karo ni mahali pa maji kutulia: kizito kizame kiwe tope, mafuta na vyepesi vielee juu, na maji ya katikati yatoke taratibu kwenda shimo la kunyonya, yanakopotelea ardhini. Kwa hiyo urefu una kazi kubwa kuliko kina. Kwa watu sita, vipimo vya ndani vya mita 2.4 kwa 1, na kina cha maji cha mita 1.3, vinakupa kama lita 3,100. Juu ya maji acha sentimita 30 za hewa. Ukuta wa kugawa ukae theluthi mbili ya urefu kutoka maji yanapoingilia, na tundu lake liwe usawa wa katikati ya maji, si chini kwenye tope. Chini mwaga zege, kuta zipigwe plasta mara mbili na niru, ule uji wa saruji, juu yake.

Sasa mabomba. La inchi 4 kutoka chooni lishuke sentimita 2 na nusu kwa kila mita. La kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7. Yote mawili yafungwe tii, kiungo cha bomba chenye umbo la T, ndani ya karo, na mguu wa tii ya kutokea uzame kama nusu mita, la sivyo utando wa mafuta utaondoka na maji na kuziba shimo la pili.

Hili nimelilipia. Karo langu la kwanza, Kimara, fundi alichukua levo, yaani usawa, kwa macho. Tukamwaga slabu, tukafukia, tukahamia. Wiki ya pili mtoto yuko bafuni anaoga, maji yakaanza kupanda kwenye tundu la sakafu, meusi, na kipande cha karatasi kikielea juu. Tulipovunja slabu tukakuta bomba la kutokea liko juu ya la kuingilia kwa vidole vitatu. Tangu siku hiyo nyuma ya pikipiki yangu hakukosi mpira mweupe wa kupimia levo.

Kabla ya slabu jaza karo maji, weka alama ya mkaa ukutani, lala. Maji ya mara ya kwanza yatapungua kidogo kwa sababu saruji inakunywa; ongeza, lala tena. Siku ya pili alama ikiachwa mbali, kuna ufa. Na hakikisha karo limo kwenye ramani unayoombea kibali cha ujenzi, si jambo la kuchorea mchangani baadaye.

Niko Kigamboni. Shimo la kunyonya hujaa kila masika. Mwaka jana tulisafiri wiki mbili, tukarudi limejaa na hakuna aliyetumia choo. Fundi anataka tuongeze futi 5 chini.

Umeshajijibu kaka. Shimo linalojaa nyumba ikiwa tupu linajazwa na ardhi. Ukiongeza futi 5 utakuwa umechimba kisima, halafu unakielekezea choo. Kati ya chini ya shimo na maji ya ardhini inatakiwa ibaki mita 1.5 ya udongo mkavu, na kipimo hicho unakichukua masika yakiwa yamekolea. Agosti kila kiwanja cha Dar ni kizuri.

Badala ya kushuka, tambaa. Chimba mtaro mrefu usio na kina, upana wa futi mbili, mwaga kokoto, laza bomba lenye matundu, kokoto tena, kisha karatasi ngumu ya nailoni iliyotobolewatobolewa ili udongo usishuke. Kabla ya hapo jaribu ardhi: toboa kishimo chenye upana wa sentimita 30 hadi kina cha mtaro, kijaze maji, kiache kilale. Kesho yake mimina maji ya kina cha sentimita 15 uangalie saa. Kama nusu saa imepita na hayajashuka hata sentimita 2, udongo huo ni mzito, mtaro itabidi uwe mrefu sana au utafute kona nyingine.

Na kama bomba la maji ya bati linaingia kwenye karo, litoe leo hii. Nimekuta nyumba nyingi mno mvua ya paa inaishia kwenye karo, halafu mwenye nyumba anamlaumu fundi.

Ukikuta maji ya ardhini yapo nusu mita tu chini ya miguu yako, sahau kunyonya: jenga tangi lililozibwa pande zote na uzoee bei ya gari la maji taka. Kutapisha, yaani kufungulia maji taka yaende na mvua, kama jirani zako wanavyofanya, usinishauri na usiniulize.

Bububu, Unguja. Kisima chetu kiko hatua kumi na tano kutoka anapochimba jirani. Tugombane?

Ongeeni kabla hajafika chini, mama. Umbali unaotumika ni mita 30, na hatua kumi na tano hazifiki hata nusu yake. Huko kwenu mwamba wa matumbawe una mianya. Maji hayachujwi kama kwenye mchanga, yanapita kama kwenye bomba. Hata hizo 30 mimi ningeziona chache. Karo lenyewe, likiwa limezibwa, linaweza kukaa karibu kidogo; shimo la kunyonya ndilo lihamie upande wa pili wa kiwanja chake. Kwa sasa maji ya kunywa chemsheni.

Amira, chumvi, mafuta ya taa: kipi kinapunguza tope?

Hakuna. Chooni tayari mnapeleka vijidudu vya kutosha kila asubuhi. Amira pikieni maandazi.

Nauziwa tangi la plastiki, wanasema halijai milele. Kweli?

Tangi zuri hupunguza tope, haliliondoi lote. Mchanga wa miguuni, nywele, taulo za kike, hivyo haviozi. Muulize muuzaji mambo mawili: maji yanayotoka yanakwenda wapi, na mfuniko wa kunyonyea uko wapi. Asipoonyesha mfuniko, usinunue. Karo la kawaida hunyonywa tope likifika theluthi ya kina, mara nyingi baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Tii ya ndani imevunjika. Kijana wa mtaani yuko tayari kushuka kesho kwa elfu thelathini, tumeshafungua mfuniko hewa iingie. Watoto wako likizo, watamsaidia kushika kamba.

Asishuke. Tope likivurugwa linatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Ikizidi inaua pua kwanza, mtu anadhani harufu imeisha, dakika hiyo hiyo anaanguka. Anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Kufungua mfuniko usiku mmoja hakuitoi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inakaa chini.

Ita gari linyonye hadi chini, kisha tii ibadilishwe mtu akiwa juu, kupitia mfuniko wa upande wa bomba. Kama mfuniko uko mbali, toboa slabu juu ya bomba ujenge chemba ndogo hapo. Ni mfuko mmoja wa saruji na siku moja. Njiti ya kiberiti isiwashwe karibu, kuna methani pia.

Na huo mfuniko uurudishe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Umesema watoto wako likizo.