Akikwambia Ana Mimba na Hataki Kuzaa

Ukishajulikana kanisani kuwa unapinga utoaji mimba, jiandae kwa jambo moja: anayekuhitaji zaidi ndiye atakayekuficha. Nimekaa miaka mingi katika huduma ya akina mama, nikisikiliza mabinti na wake za watu waliokuwa wakitafuta namna ya kuitoa, na wengi wao walikuwa wameshapita kwingine kabla ya kunifikia. Walianza kwa shoga zao, wakaenda kwa muuza dawa, wakarudi kwa mwanamume mwenyewe. Sisi wenye msimamo huambiwa mwisho. Ndiyo maana ushauri wangu hauanzii siku binti anapobisha hodi, unaanzia jinsi unavyowasema wengine yeye akiwa anasikia.

Yako makanisa ambayo humsimamisha kwaya na ushirika binti ambaye tumbo limeonekana, huku mwenzake aliyetoa kimyakimya akiendelea kuimba safu ya mbele. Sipingi nidhamu ya kanisa. Lakini nidhamu ya namna hiyo huadhibu mimba badala ya uzinzi, na mabinti si wajinga, hesabu hiyo wanaipiga haraka. Kama wewe ni mzee wa kanisa, anza kurekebisha hapo kabla hujaandaa semina ya kutetea uhai.

Siku akija, usikimbilie kumsomea mistari. Muulize. Katika Mwanzo 16 Hajiri ana mimba, ameteswa na bibi yake, amekimbilia nyikani, na malaika wa Bwana anamkuta penye chemchemi. Neno la kwanza ni swali: unatoka wapi, nawe unakwenda wapi? Najua baadaye aliambiwa arudi, na wahubiri wengi hupenda kuanzia hapo. Swali lilitangulia agizo, na kati yake mwanamke alipewa nafasi ya kusema kilichomkimbiza.

Mimi huuliza mambo ya kawaida tu. Umepima wapi? Ina muda gani? Nani anajua? Nani anakusukuma? Unaogopa nini hasa? Ni mara chache nimesikia mtu akisema hamtaki mtoto. Husema: baba atanifukuza, nitaachishwa masomo, amesema si yake, mume wangu amekuwa safarini na hesabu haikubali. Kila hofu ya aina hiyo ina mtu wa kuendewa. Kwa baba atatumwa shangazi ambaye baba anamheshimu, shuleni ataenda mtu mzima wa kuongea na mwalimu mkuu. Mwanamume naye aitwe, asiachiwe kujificha nyuma ya maneno "uamuzi ni wako", maneno ambayo yanasikika ya heshima na mara nyingi maana yake ni kwamba hatatoa hata nauli ya kliniki. Yusufu alikuwa na sababu ya kuondoka kuliko wanaume wote ninaowafahamu, kwa kuwa mimba haikuwa yake, na alibaki.

Halafu usimdanganye. Hili nalisisitiza kwa sababu upande wetu una uongo wake unaozunguka. Usimwambie kwamba akitoa atapata saratani ya matiti. Tafiti kubwa zimelichunguza jambo hilo na hazikuona kwamba kutoa mimba kunasababisha saratani hiyo. Usimwambie kwamba kila anayetoa huwa tasa. Mwambie lililo kweli: kutolewa kwa vyuma na mtu asiyejua kazi kunaweza kutoboa mfuko wa uzazi, kuleta maambukizi ya damu, kumwachia utasa au kumuua. Akigundua ulimtisha kwa jambo la uongo, na atagundua, simu iko mkononi mwake, hata lile la kweli ulilosema kuhusu mtoto atalitupa pamoja nalo.

Na la kweli kuhusu mtoto ni hili. Mbegu ya baba ikiungana na yai la mama, kila upande ukileta kromosomu 23, panapatikana kiumbe chenye 46, ambacho si sehemu ya mwili wa mama ingawa kinaishi ndani yake, na tangu hapo kinakua kwa mpangilio wake chenyewe. Moyo huanza kudunda mwishoni mwa wiki ya tatu tangu kutungwa, ambayo kliniki huiita wiki ya tano kwa sababu wao huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Jua tofauti hiyo ya wiki mbili usije ukabishana na mkunga bure. Ila usijenge hoja yote juu ya mapigo ya moyo. Biolojia inatuambia kwamba kiinitete ni binadamu aliye hai, mdogo sana. Kwamba binadamu huyo asiuawe, hilo hatulipati kwenye darubini. Tunalipata katika imani kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu kabla hajaweza kufanya lolote, na Zaburi 139 inasema Mungu alimwona mtu akiwa bado hajakamilika.

Atakuja msomi akuambie Wakristo wa zamani hawakuwa na msimamo mmoja. Ana sehemu ya ukweli. Thomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya kumi na tatu, akimfuata mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, alifikiri roho yenye akili huingia baada ya mwili kuumbika kiasi. Lakini hata yeye hakuruhusu kutoa. Didake, maandishi ya Kikristo ambayo wataalamu wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, yanakataza waziwazi kumuua mtoto kwa kuharibu mimba. Askofu Basili Mkuu katika karne ya nne alikataa hata kuuliza kama mimba ilikuwa imeshaumbika au la. Ninachokipenda zaidi katika historia hiyo ni jambo lisilonukuliwa sana: Mtaguso wa Ankira, yaani mkutano wa maaskofu, mwaka 314 ulikuta kanuni iliyomzuia mwanamke aliyetoa mimba ushirika mpaka saa ya kufa, ukaipunguza iwe miaka kumi ya toba, na Basili akaongeza kwamba tiba ipimwe kwa jinsi mtu anavyotubu, si kwa urefu wa muda. Kwa masikio yetu miaka kumi ni mingi. Kwa wakati wao mlango ulikuwa unafunguliwa.

Sasa mambo ya hospitali, ambako watu wema wameleta madhara makubwa. Katika kila mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya mfuko wa uzazi, karibu zote kwenye mrija. Hakuna daktari anayeweza kuihamishia mfukoni, na ikiachwa mrija hupasuka na mama huvuja damu tumboni hadi kufa. Ukisikia mwanamke mwenye mimba changa ana maumivu makali ya tumbo upande mmoja, damu inatoka, kizunguzungu, au bega linauma bila sababu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Maombi yafanyike ndani ya gari. Maadili ya Kikristo hayamtaki afe. Kanuni ya matokeo mawili, ambayo mizizi yake huonekana pale Thomaso anapozungumzia kujilinda, inatofautisha kulikusudia jambo baya na kulikubali kwa majonzi kama tokeo la tendo jema ambalo lisingeepukika. Kuondoa mrija ulioharibika ni kutibu mama. Kifo cha mtoto hakikutafutwa wala si njia ya kumponya. Wanamaadili wa Kikatoliki bado wanabishana kuhusu dawa ya methotrexate, inayosimamisha mimba hiyo bila upasuaji, kwa kuwa baadhi yao huona kwamba hiyo humshambulia mtoto moja kwa moja, na Waprotestanti wengi hawaioni tofauti hiyo kuwa na uzito. Mabishano hayo ni halali, ila yasifanyiwe kitandani pake.

Akija aliyeambiwa mtoto ana kasoro, muulize kwanza ni kipimo gani. Vipimo vingi vya awali vya damu huonyesha uwezekano tu. Uthibitisho hutafutwa kwa kipimo kingine, kama kile cha maji ya chupa ya uzazi, na kuna waliokata shauri kabla ya kuthibitishiwa. Ikithibitika kwamba mtoto hataishi, kama asiyeumbika fuvu na sehemu kubwa ya ubongo, wazazi wana haki ya kumzaa, kumpa jina, kumbatiza kama ndiyo imani yao, kumshika muda wote atakaokuwepo na kumzika. Wakunga wakiandaliwa mapema huwasaidia sana. Wasipoandaliwa, mtoto huondolewa haraka chumbani, na wazazi hubaki wakiuliza alifananaje.

Kuhusu aliyebakwa nitasema kidogo. Afike hospitali ndani ya saa 72 za kwanza, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Ninaamini mtoto akitungwa si yeye aliyetenda uovu na hastahili adhabu yake. Ninaamini pia kwamba siku hiyo ya kwanza si wewe wa kumwambia hivyo.

Na yule aliyekwisha kutoa? Kama bado anatokwa damu nyingi au ana homa, hospitali kwanza, maswali baadaye; usimfiche nyumbani kulinda jina la familia wala la kanisa. Kama ni zamani, jua kwamba wengi hukaa makanisani wakisikia mahubiri yetu na kuamini kwamba wao wameshapotea. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995, Evangelium Vitae, uliolaani utoaji mimba kwa maneno mazito kabisa, aliwageukia wanawake hao mwenyewe na kuwaambia wasikate tamaa. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote, bila kikomo cha muda, ruhusa ya kuondolea dhambi hiyo. Ukihubiri dhidi ya utoaji mimba, weka sentensi moja ya namna hiyo katika mahubiri yaleyale, wala usiiahirishe hadi Jumapili nyingine.

Kabla hajaja wa kwanza au wa pili, kaa na wenzako mjibu kwa majina ya watu: nani atampokea akifukuzwa, kwa miezi mingapi, nani atalipa kliniki, daktari gani hupokea simu usiku, nani atamshika mtoto mama yake akirudi shule, nani anajua taratibu halali za kumlea au kumuasili mtoto, endapo mama ataona hawezi. Mkikuta nafasi ya nyumba ya kumpokea bado haina jina, muanze na hiyo, kwa sababu ndiyo ambayo mimi huulizwa mapema kuliko zote.