Kuzima OneDrive bila ya kupoteza mafaili: jibu kwa mwalimu wa Wete

Swali

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete. Laptopu yangu inatumia Windows 11, niliinunua mwaka jana, na tangu siku ya mwanzo inapeleka kila kitu OneDrive, yaani ghala la mafaili la Microsoft lililo mtandaoni, bila ya mimi kuomba: mitihani, matokeo ya wanafunzi, mpaka picha za harusi ya mwanangu. Bando la wiki linamalizika kwa siku mbili, na sasa kila nikiwasha mashine naambiwa nafasi imejaa, nilipie. Nataka kuizima. Lakini mwenzangu wa skuli alizima yake, na alipomaliza akakuta Desktop yake tupu, hakuna hata faili moja. Nifanyeje nisipoteze kitu?

Jibu

Waalaykumu ssalaam, mwalimu wangu. Umefanya jambo la maana kuuliza kabla ya kubonyeza, kwani katika kazi yangu ya kutengeneza kompyuta hapa Mji Mkongwe, wengi walionijia na kilio cha mafaili yaliyopotea si wale walioiacha OneDrive iendelee, bali ni wale walioizima kwa haraka na hasira. Unaweza kuizima, tena bila ya kupoteza hata waraka mmoja, ilimradi ufuate mpangilio huu: kwanza mafaili yote yateremke kwenye diski ya mashine yako, kisha uyanakili kwenye diski ya nje, ndipo uzime, na kufuta kuje mwisho kabisa, baada ya siku kadhaa.

Tuanze na yaliyomkuta mwenzako, maana ukiyaelewa hayo nusu ya khofu itakuondoka. Watu wengi hudhani kwamba OneDrive huchukua nakala ya Desktop, Documents na Pictures na kuipeleka mtandaoni, huku folda zenyewe zikibaki pale zilipokuwa. Sivyo. Inapowashwa, huzihamisha folda zenyewe. Desktop iliyokuwa katika C:\Users\jina lako\Desktop huhamia C:\Users\jina lako\OneDrive\Desktop, na wewe huoni tofauti yoyote kwa sababu mbele ya macho mambo yamebaki vilevile. Siku unapozima, Windows huirejesha Desktop kwenye anuani yake ya zamani, ambako hakuna kitu, huku mafaili yakibaki ndani ya folda ya OneDrive. Mwenzako alikuwa amesimama katika nyumba ya zamani, ilhali vyombo vyake viko nyumba mpya. Na si kosa lako kuwa uliikuta imewashwa: tangu mwaka 2024 kompyuta mpya nyingi za Windows 11, zinapofunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, huanza na huduma hiyo bila ya mwenyewe kuulizwa waziwazi. Naona ilistahiki watu waulizwe.

Hatari yenyewe iko pengine. Si kila faili unaloliona kwenye mashine yako limo ndani ya mashine yako. Fungua folda ya Documents utazame safu ya alama ndogo iliyo pembeni ya majina. Ukiona alama ya wingu la buluu, faili hilo liko mtandaoni tu, na ulilonalo ni jina lake. Ukiona duara jeupe lenye alama ya tiki ya kijani, faili limeteremka lakini Windows inaweza kuliondoa tena ikihitaji nafasi. Ukiona duara lililojaa kijani lenye tiki nyeupe, hilo limo diskini na litabaki humo. Wewe ni mtu wa Pemba, kwa hiyo nitakwambia hivi: wingu la buluu ni stakabadhi ya karafuu, na karafuu zenyewe ziko ghalani. Ukivunja uhusiano na ghala hujazichukua karafuu zako, stakabadhi haitakufaa kitu.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa jicho lako, chagua picha moja yenye alama ya wingu, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha ufungue Properties. Utakuta mistari miwili inayofuatana: "Size", pengine imeandikwa MB 3 na kitu, na chini yake "Size on disk", imeandikwa 0. Sifuri hiyo ndiyo ya kuiogopa.

Kwa upande wako kuna tatizo la ziada, nalo ni ule ujumbe wa kujaa nafasi. Akaunti ya bure ya OneDrive ina GB 5 tu. Ikishajaa, kupakia mafaili mapya husimama, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba baadhi ya kazi zako ziko mtandaoni tu, na nyengine, khasa za miezi ya karibuni, ziko kwenye laptopu tu na hazijapata kufika mtandaoni. Ndiyo sababu simshauri mtu mwenye hali yako aipige mashine fomati kwa kutegemea kuwa "kila kitu kiko OneDrive", wala afute cha mtandaoni kwa kutegemea kuwa kila kitu kiko mashineni. Yote mawili yanaweza kuwa si kweli kwa wakati mmoja.

Wakati unajitayarisha, lizuie bando lako lisiendelee kuliwa. Bofya alama ya wingu iliyo chini kulia, karibu na saa, kisha kigurudumu cha mipangilio, uchague kusimamisha kwa muda. Utapewa saa 2, 8 au 24. Vilevile, katika mipangilio ya Wi-Fi ya Windows, uitie alama ya "Metered connection" ile hotspoti ya simu yako, na OneDrive kwa kawaida itajizuia yenyewe kila ukiunganisha kwa simu.

Kazi yenyewe ifanye pahala penye intaneti isiyohesabiwa kwa bando, kwa sababu huenda ukateremsha hadi GB 5. Laptopu iwe imejaa chaji na iwe kwenye umeme, maana umeme wetu unaweza kukatika wakati wowote, na kukatika katikati ya kunakili huacha mafaili nusunusu ambayo huyagundui mpaka siku unapoyahitaji. Hakikisha pia kuwa diski ya mashine ina nafasi ya kutosha. Funga Word na Excel, iruhusu OneDrive iendelee tena ikiwa uliisimamisha, kisha fungua folda ya OneDrive, chagua kila kilichomo, bofya kitufe cha kulia na ubonyeze "Always keep on this device". Mawingu ya buluu yatageuka mishale inayozunguka, na polepole yatakuwa duara za kijani. Usiondoke mpaka ziwe zote. Ikibaki folda moja yenye mishale, ingia ndani yake utafute faili linalokwama. Mara nyingi ni video moja kubwa.

Sasa unganisha diski ya nje, au flashi kubwa ukiwa huna diski, na unakili folda nzima ya OneDrive kwa Ctrl na C. Usitumie Ctrl na X. Tofauti ya herufi moja hapa ni kubwa, kwani kulihamisha faili kutoka folda ya OneDrive kwenda nje ni sawa na kulifuta, nalo litaondoka na mtandaoni. Ukimaliza, linganisha idadi ya mafaili kwa Properties pande zote mbili. Halafu fanya jaribio ambalo mimi siliachi hata siku moja: washa hali ya ndege ili mashine isiwe na intaneti kabisa, kisha fungua mafaili kumi au zaidi kutoka folda mbalimbali, ukianza na yale ya zamani ambayo hujayagusa muda mrefu. Karatasi ya alama za kidato cha nne ifunguke mpaka safu ya mwisho. Picha ya harusi ijae skrini nzima na ibaki kali unapoikuza, isiwe kivuli chenye ukungu. Yakifunguka yote bila ya intaneti, umeshika karafuu, si stakabadhi.

Hapo sasa zima. Rudi kwenye alama ya wingu karibu na saa, kigurudumu, "Settings", sehemu ya "Sync and backup", kisha "Manage backup". Utaziona folda zako na swichi zake. Zima moja moja, ukianza na Pictures, na uthibitishe unapoulizwa kwa "Stop backup". Ukiulizwa mafaili yabaki wapi, chagua kompyuta yako. Usibonyeze kwa mazoea, soma kila kidirisha mpaka mwisho. Usipoulizwa, utakuta folda tupu kama aliyoikuta mwenzako, na sasa unajua kwa nini. Fungua folda ya OneDrive, ingia kwenye Desktop ya humo, nakili yote, na uyabandike kwenye Desktop ya C:\Users\jina lako. Fanya vivyo hivyo kwa Documents na Pictures. Hapa pia ni kunakili, si kuhamisha.

Kisha, na si kabla, katika "Settings" hiyohiyo fungua "Account" na ubonyeze "Unlink this PC". Kitufe hiki hukata uhusiano wa mashine na akaunti. Hakifuti chochote mtandaoni, na mafaili yaliyokwisha kuteremka hubaki diskini. Lakini wako wanaokianza hiki wakidhani ndiyo njia ya mkato, na wanaofanya hivyo huacha Desktop yao bado imeelekezwa ndani ya folda ya OneDrive. Wiki mbili baadae wanaiona folda hiyo, wanasema haina kazi tena, wanaifuta, na Desktop nzima inakwenda nayo. Kuiondoa programu ya OneDrive kabla ya hatua hizi kuna hatari hiyohiyo.

Katika Word na Excel, ingia "Options", sehemu ya "Save", na utie tiki kwenye "Save to Computer by default", la sivyo kila waraka mpya utataka kwenda mtandaoni tena.

Kufuta kilichoko mtandaoni kusubiri. Fanya kazi kwa wiki moja au mbili katika hali mpya, na ukiwa na yakini kuwa hakuna kilichopungua, ingia kwenye tovuti ya OneDrive uondoe usivyovihitaji. Kupunguza huko kuna faida nyengine: ikiwa barua pepe yako ni ya Outlook, viambatisho vyake vinahesabiwa kwenye nafasi hiyohiyo tangu mwaka 2023, na nafasi ikijaa unaweza kushindwa kutuma na kupokea barua. Vilivyofutwa hukaa kwenye pipa la taka la OneDrive siku 30 kwa akaunti binafsi. Alinijia mzee mmoja anayeendesha nyumba ya wageni mashariki ya Unguja, aliyeona folda mbili zenye jina moja akaifuta ile ya OneDrive kwa kudhani ni nakala ya ziada, wakati huo uhusiano bado haujakatwa. Daftari lake la wageni la miaka mitatu likatoweka mashineni, na mtandaoni nako likafutika. Tulilikuta ndani ya pipa hilo, siku ya 26. Angechelewa wiki moja, nisingekuwa na la kumwambia.

Ikiwa akaunti uliyoingilia ni ya skuli au ya taasisi, si yako binafsi, hesabu hubadilika kidogo: pipa kwa kawaida hukaa siku 93, na swichi za folda zinaweza kuwa zimefungwa na msimamizi wa akaunti hizo. Hapo muone yeye kwanza, kwani matokeo ya wanafunzi ni amana ya skuli. Na wenzako wanaotumia kompyuta za Apple wajue kuwa iCloud, ghala la mtandaoni la Apple, nayo ina tabia inayofanana na hii: ukizima Desktop na Documents, mafaili hubaki ndani ya iCloud Drive, na mashine hutengeneza folda mpya tupu.

Ile diski ya nje uliyonakilia usiirejeshe kwenye kazi za kila siku. Kuanzia sasa ndiyo nakala yako ya pili, kwa hiyo ichomeke kila Ijumaa jioni uongeze kazi za wiki, kisha uitunze mbali na laptopu, ndani ya mfuko mkavu uliofungwa vizuri, kwa sababu unyevu wa masika na chumvi ya bahari huzila pini za vifaa hivi haraka kuliko watu wanavyodhani.

Na mwenzako mfikishie ujumbe leo hii. Ikiwa bado hajaifuta folda ya OneDrive mashineni mwake, aifungue, aingie Desktop ya ndani, na aangalie alama: vyenye kijani avinakili, vyenye wingu aviteremshe kwanza. Ikiwa ameifuta, aingie kwenye tovuti ya OneDrive, sehemu ya "Recycle bin", ahesabu siku tangu alipofuta, na avirejeshe kabla 30 hazijatimia.