Mnauliza, Tunajibu: Kumbukumbu za umma zikishaingia kwenye kompyuta

Ofisi yetu ya serikali imemaliza kuskani majalada yote ya zamani. Mkuu wetu anataka karatasi zichomwe tupate nafasi. Ni sawa?

Zisichomwe kwanza. Jalada la umma si mali ya ofisi wala ya mkuu wake, na katika nchi nyingi sheria inataka idhini ya maandishi kutoka idara ya nyaraka ya taifa kabla ya kuteketeza chochote. Wakati mkiisubiri, fungueni picha hizo mzikague huku karatasi zenyewe mkiwa nazo mkononi. Mtakuta muhuri umefifia hausomeki, maandishi ya penseli pembezoni hayakuonekana kabisa, na kurasa mbili zilizoshikana zimepita kama moja. Tazameni pia majina ya faili. Faili iliyopewa jina "scan0047", bila namba ya jalada, tarehe wala mhusika, nani ataipata miaka kumi ijayo?

Hata picha zikiwa safi, faili hudumu kadiri inavyohudumiwa. Mwaka 1986 BBC ilikusanya habari za maisha ya Waingereza katika mradi wa Domesday na kuziweka kwenye diski za leza. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu, na wataalamu wakahangaika kuziokoa. Kitabu cha Domesday chenyewe, daftari la kale la ardhi na mali za Uingereza lililoupa mradi huo jina, kiliandikwa kwenye ngozi mwaka 1086 na kinasomeka hadi leo. Kwa hiyo sera ya kuhifadhi itaje muundo wa faili (kwa hati, PDF/A, yaani aina ya PDF iliyokusudiwa kuhifadhi hati kwa muda mrefu, ni kiwango cha kimataifa tangu 2005), itaje nani atazihamishia kwenye mitambo mipya na lini, na itenge fedha za kila mwaka. Fedha za kuskani hupatikana kwa sababu ni mradi wenye uzinduzi. Za kutunza ndizo zinazosahaulika, na hapo ndipo wizara zinapaswa kubanwa.

Mfumo wetu unanakili data kila usiku. Tuko salama?

Inategemea nakala inalala wapi, na kama kuna aliyewahi kujaribu kuirejesha.

Septemba 2025 moto uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mfumo wa G-Drive, ambamo watumishi wa umma walihifadhi hati zao za kazi, uliteketea na terabaiti 858 za data. Haukuwa na nakala nje ya kituo. Nchi hiyo haina uhaba wa wataalamu wala mitambo, ndiyo maana habari hiyo iliniuma.

Maktaba ya Uingereza nayo ilivamiwa Oktoba 2023 na wahalifu wanaofunga mifumo na kudai fidia. Ilikuwa na nakala salama za makusanyo yake ya kidijitali, lakini mitambo ya kuzirejeshea ilikuwa imeharibiwa, na huduma zikasuasua kwa miezi mingi.

Wekeni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikae mbali na isiunganishwe na mtandao, maana mvamizi akiingia huzitafuta nakala kwanza. Kisha fanyeni jaribio: chagueni jalada moja la mwaka jana, lirejesheni kwenye kompyuta nyingine kabisa, mpime saa zilizotumika. Matokeo yaandikwe na kusainiwa na mtu mwenye jina na cheo. Sera inayosema "taasisi itahakikisha" bila kumtaja mhusika haimbani mtu yeyote.

Tunalazimishwa kubadili nywila kila mwezi. Inasaidia?

Kidogo sana. Watu huongeza tarakimu moja mwishoni, basi. Tangu 2017 mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unashauri nywila ibadilishwe pale tu kunapokuwa na dalili kwamba imevuja. Nywila ndefu na uthibitisho wa hatua ya pili, kama namba inayotolewa kwenye simu yako, vinafaa zaidi.

Serikali inasema itawapa watafiti data za wagonjwa baada ya kuondoa majina. Niwe na wasiwasi?

Una haki ya kuwa nao. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha, kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1990, kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vingetosha kumbainisha mtu mmoja mmoja kwa takriban asilimia 87 ya watu nchini humo. Aliitambua hata rekodi ya hospitali ya gavana wa Massachusetts katika data zilizokuwa zimeondolewa majina.

Sisemi data zifungiwe. Utafiti wa afya unaokoa watu. Ulizeni tarehe kamili imegeuzwa kuwa mwaka tu? Watafiti wanazisomea ndani ya mfumo unaolindwa, au wanaondoka nazo? Na zikitumiwa kwa jambo jingine tofauti na lile mlilokubali, nani anaadhibiwa?

Je, ni hatari kuweka data za taifa nje ya nchi?

Ni hatari mkataba ukiwa wa kibiashara tu, kwa sababu data huangukia chini ya sheria za nchi ilipo seva. Estonia, iliyoshambuliwa vikali mtandaoni mwaka 2007, ilitafuta njia nyingine. Mwaka 2017 ilikubaliana na Luxembourg kuweka huko nakala za mifumo yake muhimu, kwa kinga inayofanana na ya ubalozi: maafisa wa Luxembourg hawaingii bila ruhusa. Nchi inayotaka kufanya hivyo ianze na makubaliano ya serikali kwa serikali, yapite bungeni, na funguo za kufungulia data zibaki nyumbani.