Kabla afisa wa kaunti hajabisha hodi

Kadi ilikuwa imechomekwa mlangoni niliporudi kutoka zamu ya usiku. Ilikuwa na jina la afisa wa ustawi wa watoto wa kaunti, nambari ya simu, na maneno mawili ya kalamu: nipigie leo. Tangu saa nne usiku nilikuwa nimesimama nikigeuza wagonjwa na kubadilisha shuka katika nyumba ya wazee. Nikasimama pale kwenye theluji ya Minnesota, Marekani, na funguo mkononi, magoti yakanilegea.

Wakati huo kifungua mimba wangu alikuwa na miaka tisa na mdogo wake sita. Baba yao huendesha lori la masafa marefu. Anaweza kumaliza wiki mbili hajaonekana Minnesota. Mimi niliwalaza watoto, nikafunga mlango, nikamwachia mkubwa simu, na jirani Mkenya wa ghorofa ya chini alijua tuko hivyo. Kwetu Kisii ningeitwa mama mwenye bidii. Siku moja mdogo akamwambia mwalimu wake, kwa fahari kabisa, kwamba dada yake humpikia uji asubuhi kwa sababu mama bado yuko kazini. Mwalimu akapiga simu.

Nilimkasirikia mwalimu yule kwa miezi. Leo najua hakuwa na hiari. Sheria ya Minnesota inawalazimisha walimu, madaktari, wauguzi, walezi wa watoto na wengine wengi kutoa taarifa ndani ya saa 24 wakiwa na sababu ya kuamini mtoto ametelekezwa au ameumizwa. Asipofanya hivyo, yeye ndiye mwenye kesi. Kwa hiyo nikupe neno la kwanza: usimtafute aliyekusema. Jina lake limefichwa kisheria, na kila dakika unayotumia kumsaka ni dakika ambayo hukuitumia kuandaa majibu yako.

Umri ndio unaotuangusha wengi. Hakuna kifungu cha sheria ya jimbo kinachotaja mwaka ambao mtoto anaweza kubaki peke yake, lakini kaunti zina mwongozo wa kuamua simu ipi ifuatiliwe. Mtoto wa miaka saba kushuka chini haachwi peke yake hata kidogo. Wa nane hadi kumi, zikizidi saa tatu, taarifa inapokelewa. Wa kumi na moja hadi kumi na tatu, saa kumi na mbili. Na mtoto aliye chini ya miaka kumi na moja hahesabiwi kuwa mlezi wa mdogo wake. Mimi nilikuwa nimevunja karibu yote hayo kila usiku, siku tano kwa wiki, nikidhani najenga maisha.

Afisa alikuwa tayari ameshazungumza na watoto shuleni kabla hajaniona. Hilo pia linaruhusiwa, na halihitaji idhini ya mzazi. Aliponijia nilitaka kumtumia binti yangu kutafsiri maneno magumu, maana Kiingereza changu cha kazini kilinikimbia kwa hofu. Afisa akakataa, akampigia mkalimani kwa simu. Namshukuru mpaka leo. Sasa mimi mwenyewe hukalimania familia nyingine, na nakuomba kwa moyo wote: usimweke mtoto katikati ya maneno hayo. Omba mkalimani wa Kiswahili, wa Ekegusii, wa lugha yoyote unayoilia. Ofisi inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa bila malipo; msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Na kabla hujajibu, afisa anatakiwa akueleze kwa nini anakuuliza, kama unaweza kukataa, na nini kitafuata ukijibu au ukikaa kimya. Mwache amalize kueleza. Wengi wetu tunaanza kujitetea kabla hajafika nusu.

Kuna jambo nililolielewa baadaye kabisa, na kwa sisi tunaofanya kazi ya uuguzi na kulea wazee lina uzito kuliko yote. Minnesota ina njia zaidi ya moja za kushughulikia taarifa. Palipo na hatari kubwa au shutuma za ngono, kaunti hufanya uchunguzi, na mwishoni huamua kama mtoto alidhulumiwa au la. Kwa kesi nyepesi kuna tathmini ya familia: wanaangalia usalama wa mtoto na mahitaji ya nyumba, wala hawatoi uamuzi wa kwamba wewe ni mdhulumu. Zote hutakiwa kukamilika ndani ya siku 45. Tofauti yake haiishii kwenye jina. Uamuzi wa udhalimu mkubwa au wa kujirudia unaweza kukuzuia miaka saba kugusa mgonjwa katika kituo chenye leseni, kwa sababu huonekana wanapopima rekodi yako. Nimeona dada zetu wakipokea barua ya uamuzi, wakaikunja na kuiweka juu ya friji kwa sababu watoto hawakuchukuliwa, wakadhani yamepita. Una siku 15 tangu uipokee kuomba uamuzi ule uangaliwe upya. Fungua barua. Isome siku hiyohiyo, au mpigie mtu akusomee.

Yangu ilikuwa tathmini ya familia. Na hapa ndipo moyo wangu ulipouma kweli. Afisa aliketi kwenye kochi, akaangalia friji, akaangalia vitanda, kisha akaniuliza, "Kwa nini hukuomba msaada wa kulipia mlezi?" Sikujua anasema nini. Kumbe kaunti ileile, jengo lilelile, ina mpango wa ruzuku ya malezi kwa wazazi wanaofanya kazi au kusoma. Unalipa sehemu kulingana na kipato, wao wanalipa iliyobaki. Mlezi si lazima awe kituo kikubwa chenye bango; hata jamaa au rafiki anaweza kusajiliwa akishapimwa rekodi na kufunzwa huduma ya kwanza. Yule jirani wa ghorofa ya chini angeweza kuwa analala kwangu kwa malipo halali muda wote ule. Mimi nilikuwa nimeamini misaada ni ya watu wasiofanya kazi, na kwamba Mkenya anayejiheshimu haombi. Watoto wangu ndio walioulipia ukaidi huo kwa kulala peke yao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo aanzie wapi, ninamwambia aende kaunti kabla kaunti haijamjia. Kaunti za huku ni 87, na ndizo zinazoendesha mambo haya ingawa sheria ni za jimbo, kwa hiyo foleni na kasi hutofautiana ukihama hata maili chache. Katika baadhi yake ruzuku ya malezi ina orodha ya kusubiri. Jiandikishe mapema, hata kabla ya kupata zamu ya usiku.

Kuhusu msaada wa chakula na pesa, uhamiaji wako una maana kubwa. Sisi tuliokuja kwa bahati nasibu ya green card tunakutana na sheria ya serikali kuu ya 1996, inayomtaka mtu mzima asubiri miaka mitano kabla ya kupata SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula. Lakini mtoto aliye chini ya miaka 18 mwenye green card hasubiri, na aliyezaliwa hapa ni raia, hana mjadala. Unaomba kwa ajili yake. Wenzetu wa Kongo waliokuja kama wakimbizi walikuwa wakistahili SNAP tangu wanapofika. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 iliwaondolea haki hiyo mpaka wawe na green card, ambayo mkimbizi huiomba baada ya mwaka mmoja nchini. Mwaka huo ukitimia, usichelewe hata wiki. MFIP, msaada wa pesa kwa familia zenye watoto, una ukomo wa miezi 60 maishani, kwa hiyo usiutumie ovyo wakati unaweza kujikimu.

Kiboko nacho nikiseme wazi, maana kwenye vikao vyetu watu hunong'ona tu. Si kweli kwamba huku ukimgusa mtoto unafungwa. Sheria ya Minnesota inakubali adhabu ya kiasi isiyoacha jeraha. Lakini imeorodhesha mambo yanayohesabika kuwa udhalimu: ngumi, teke, kumchoma, kumng'ata, kumtikisa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kumpiga usoni au kichwani mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kumkaba pumzi. Alama ya waya wa simu kwenye paja ni jeraha. Mimi binafsi niliacha kabisa. Hata Kenya kiboko kiliondolewa shuleni mwaka 2001, na watoto wetu wengine hawajawahi kukiona ila mikononi mwetu.

Ikifika mbaya, polisi wanaweza kumchukua mtoto palepale, na kesi husikilizwa ndani ya saa 72 bila kuhesabu wikendi na sikukuu. Mzazi asiye na uwezo hupewa wakili. Omba jina lake kabla ya kuingia mbele ya jaji. Na taja jamaa. Kaunti inapaswa kuwatafuta ndugu kwanza, lakini haiwezi kumjua shangazi aliyeko Texas usipomtaja. Nimekaa na mama mmoja aliyeficha majina ya ndugu kwa aibu. Watoto wake wakalala kwa wageni miezi minne. Sheria mpya ya 2024 imeongeza kinga kwa familia zenye asili ya Afrika: kaunti lazima ifanye juhudi za dhati kuzuia mtoto asitenganishwe na wazazi. Ilianza na kaunti mbili kubwa, Hennepin na Ramsey, Januari 2025, na imepangwa kufika jimbo zima Januari 2027.

Mwisho ni jambo la matanga. Mzazi akifariki nyumbani, tunapanda ndege usiku huohuo na watoto tunawaachia rafiki kwa maneno ya mdomo tu. Mtoto akiugua, rafiki hawezi kusaini chochote hospitalini, na shule ikiuliza mzazi yuko wapi, simu inapigwa. Minnesota ina hati ya kukabidhi mamlaka ya mzazi kwa mtu unayemwamini, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Yangu na ya mume wangu zipo kwenye bahasha ya kahawia, kabati la jikoni, juu ya unga, na jirani wa ghorofa ya chini anajua zilipo.