Kiwambo kinashuka sentimita 2 mgonjwa akiwa kwenye mashine: ni kizima?

Swali: Mchumaji karafuu kaanguka mkarafuuni, kaumia shingo. Anahema kwa shida. Mapafu kwa ultrasaundi hayana maji wala hewa iliyovuja. Tumemvisha barakoa ya mashine inayosukuma hewa. Nimepima kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) upande wa kulia, kinashuka sentimita 2. Niandike kuwa ni kizima? (Daktari, Chake Chake)

Jibu: Usiandike bado, Daktari. Mashine ikisukuma hewa kifuani, kiwambo hushuka hata kama msuli umelala kabisa. Kipimo cha mwendo kina maana mgonjwa anapovuta pumzi mwenyewe. Hapo, akihema kwa utulivu, chini ya sentimita 1 inatia shaka. Na neva ya freniki inayokiendesha kiwambo hutoka shingoni, pingili ya 3 hadi ya 5, palepale alipoumia.

Kwa huyu, mimi ningetegemea zaidi kunenepa kwa msuli. Chukua probu (kichwa cha ultrasaundi) bapa ya masafa ya juu, ile mnayotazamia mishipa, uiweke ubavuni mbele kidogo ya katikati ya kwapa, kwenye nafasi ya mbavu ya 8 hadi ya 10. Utaona mistari miwili myeupe na utepe mweusi baina yake. Utepe huo ndio kiwambo. Pima unene wake mwisho wa kutoa pumzi, pima tena kilele cha kuvuta, kisha tofauti igawe kwa kipimo cha kwanza. Milimita 2.0 ikiwa 2.8 ni asilimia 40: msuli unavuta. Ikiwa 2.2 tu ni asilimia 10, na chini ya 20 tunakihesabu kiwambo dhaifu. Usitulizwe na unene wa mwanzo peke yake. Msuli uliokatikiwa neva jana bado ni mnene, kukonda huja baadaye.

Lakini msaada mkubwa wa mashine humpumzisha mgonjwa, na asilimia hushuka bila udhaifu wowote. Punguza msaada kwa muda mfupi, mwenzio akitazama oksijeni na uso wa mgonjwa. Vikibadilika, rudisha hapo hapo na uache kupima. Shingo isiguswe, mpimeni alivyolala.

Pima pande zote mbili. Kushoto ni kugumu, wengu ni dirisha dogo la kuchungulia na hewa ya tumbo huficha picha, ila jeraha la uti wa mgongo huweza kulegeza pande zote mbili pamoja. Tumbo likiingia ndani anapovuta pumzi, hiyo ni dalili nzito hata kabla ya probu.

Rudia kipimo kila baada ya saa chache, maana uvimbe wa uti huweza kupanda siku za mwanzo. Asilimia ikishuka, au akianza kusinzia na kukatisha maneno, msingoje picha nyingine: tayarisheni mpira wa kupitisha hewa kooni na muwapigie wa chumba cha wagonjwa mahututi Unguja kabla ya usafiri wa siku hiyo kwisha.